Diski yenye sesheni nyingi: kwa nini ISO haitoshi, na taswira ipi ichaguliwe

Mtu anayetaka kuhifadhi CD ya zamani ndani ya kompyuta huambiwa kwanza aitengenezee faili la ISO, yaani faili moja lenye nakala ya data ya diski. Ushauri huo ni sahihi kwa diski nyingi, lakini CD iliyochomwa kwa awamu, kwa mfano picha za posa kwanza, baada ya wiki tatu picha za harusi, na baadaye picha za fungate, huweza kutoa nakala mbovu ikitendewa hivyo. Picha zote huenda zikawemo ndani ya faili na bado zisifunguke, kwa sababu ISO haina mahali pa kuandika jinsi diski ilivyogawanywa. Mchaguzi wa aina ya taswira ya diski, yaani nakala ya diski iliyowekwa katika faili, anapaswa kujiuliza kama aina hiyo inabeba ramani ya diski pamoja na data yake.

Sesheni ni kipande cha diski kilichochomwa na kufungwa kwa mara moja. Kila sesheni ina sehemu tatu: eneo la kuingilia, ambalo limebeba orodha ya yaliyomo, eneo la data lenye traki (kipande kimoja cha data, au wimbo mmoja) moja au zaidi, na eneo la kutokea, linalokiambia kiendeshi kwamba kipande kimekwisha. CD ya muziki iliyowekewa kanuni na Philips na Sony mwaka 1980 ilikuwa na sesheni moja tu, na hata CD ya data iliyofuata mwaka 1983 ilibaki hivyo, kwa kuwa diski zote zilitoka kiwandani zikiwa zimekamilika. Haja ya kuongeza kitu juu ya kilichopo ilikuja na diski za kuchoma, ambazo kanuni zake zilitolewa mwaka 1990. Kodak ilipoingiza sokoni Photo CD mwaka 1992, mteja aliweza kuirudisha diski ile ile dukani ili picha za filamu nyingine ziongezwe, na hapo ndipo watengenezaji wa viendeshi walipolazimika kuvifundisha kusoma zaidi ya sesheni ya kwanza.

Kati ya sesheni na sesheni kuna pengo, na chanzo cha matatizo yote nitakayoyaeleza ni pengo hilo. CD hugawanywa katika sekta, na sekta 75 ni sekunde moja. Eneo la kutokea la sesheni ya kwanza huchukua sekta 6,750, yaani dakika moja na nusu. Eneo la kuingilia la sesheni inayofuata huchukua sekta 4,500. Kisha kuna sekta 150 za utangulizi wa traki. Jumla ni sekta 11,400, sawa na baiti 23,347,200 za data ambazo zingeweza kuandikwa hapo. Sesheni zinazofuata zina eneo la kutokea fupi zaidi, la sekta 2,250, hivyo mapengo yake ni sekta 6,900, zaidi kidogo ya megabaiti 14. Anayechoma mafaili ya megabaiti 5 kila wiki kwenye CD moja hutumia nafasi kubwa zaidi kwa mapengo kuliko kwa mafaili yake.

Pengo hilo lisingekuwa na madhara kama mfumo wa mafaili usingelihesabu. ISO 9660, mfumo wa mafaili ulioidhinishwa mwaka 1988 na unaotumika katika karibu kila CD ya data, huandika anwani ya kila faili kwa kuhesabu sekta tangu mwanzo wa diski, si tangu mwanzo wa sesheni. Mapengo, ingawa hayana faili lolote ndani yake, yamo katika hesabu hiyo.

Tuchukue diski ya mfano yenye sesheni tatu. Ya kwanza ina sekta 100,000, kuanzia sekta 0 hadi 99,999. Baada ya pengo la sekta 11,400, sesheni ya pili inaanza katika sekta 111,400, ina sekta 50,000, na inaishia 161,399. Baada ya pengo la sekta 6,900, sesheni ya tatu inaanza katika sekta 168,300 na ina sekta 20,000. Orodha ya folda na mafaili iliyomo katika sesheni ya tatu ndiyo mpya kuliko zote: inataja picha zake yenyewe na pia, kwa anwani zao za zamani, picha zilizomo katika sesheni mbili za mwanzo. Kompyuta inapopokea diski hiyo hukiuliza kiendeshi sesheni ya mwisho inaanzia wapi, huongeza sekta 16, na katika sekta 168,316 hukuta maelezo ya msingi ya diski. Kwa macho ya mtumiaji folda zote ni kitu kimoja, na huenda asijue kamwe kwamba kuna sesheni tatu.

Sasa mtu huyo aitoe sesheni ya tatu peke yake kuwa faili la ISO. Faili hilo lina sekta 20,000 tu. Picha iliyoandikwa kuwa iko sekta 175,000 haipatikani, kwa kuwa anwani hiyo imepita mwisho wa faili. Hatari zaidi ni picha ya sesheni ya kwanza iliyoandikwa kuwa iko sekta 5,000: anwani hiyo ipo ndani ya faili jipya, ila panapokaa picha sasa pana kitu kingine kabisa, na kompyuta itakisoma bila kutoa onyo lolote. Jina la faili ni sahihi, ukubwa ni sahihi, tarehe ni sahihi, na yaliyomo ni takataka. Nalitaja hili kwa msisitizo kwa sababu watu wengi huhakiki nakala zao kwa kutazama majina na ukubwa, wakaridhika, kisha wakaitupa diski.

Kuziunganisha sesheni zote tatu mfululizo katika faili moja nako hakutoshi. Mapengo yakiondolewa, mafaili yote ya sesheni ya pili yanakaa sekta 11,400 kabla ya anwani zake, na yale ya sesheni ya tatu sekta 18,300 kabla. Picha ya sekta 175,000 sasa imo sekta 156,700. Isitoshe, programu itakayolifungua faili hilo itatazama sekta 16, na hapo patakuwa na orodha ya sesheni ya kwanza, hivyo mtumiaji ataona picha za posa tu na kudhani kwamba harusi haikuchomwa.

Kuna jambo la pembeni hapa lenye manufaa kwa anayeokoa data. Orodha ya sesheni mpya hutaja mafaili ya zamani endapo tu mchomaji aliiagiza programu yake iingize sesheni iliyotangulia. Asipofanya hivyo, mafaili ya zamani hutoweka machoni ingawa yamo kwenye diski bila kuguswa, na hali ni hiyo hiyo kwa faili “lililofutwa” kati ya sesheni na sesheni. Programu kama IsoBuster huonyesha kila sesheni kwa mstari wake na kuruhusu mafaili ya kila moja yatolewe. Kwa hiyo CD inayodaiwa kupoteza picha za mwanzo inastahili kutazamwa sesheni kwa sesheni kabla ya kukatiwa tamaa.

Hadi hapa nimezungumzia sekta kana kwamba zote zina baiti 2,048. Ukweli ni kwamba kila sekta ya CD ina baiti 2,352. Katika sekta ya kawaida ya data, baiti 12 ni za kulinganisha mwendo, 4 ni za anwani na aina ya sekta, 2,048 ni za data yenyewe, na zilizobaki ni za kugundua na kusahihisha makosa. ISO huhifadhi zile 2,048 na kuacha nyingine, jambo lisilo na hasara kwa data ya kawaida kwa kuwa zilizoachwa huweza kukokotolewa upya. Sekta ya muziki, hata hivyo, hutumia baiti zote 2,352 kwa sauti, na sekta za video za VCD hubeba baiti 2,324 za video. Katika Afrika Mashariki hili si jambo dogo: kwa miaka mingi nyimbo za injili, taarabu, filamu na harusi zilisambazwa kwa VCD, na anayeitengenezea VCD faili la ISO lenye sekta za baiti 2,048 huikata kila sekta ya video mkia wake. Kwa diski hizo taswira lazima iwe ghafi, yenye baiti 2,352 kwa kila sekta.

Ziko pia CD za mchanganyiko ambazo wanamuziki wengi wa miaka ya 1990 walizitumia, zenye muziki katika sesheni ya kwanza na video au picha za kompyuta katika sesheni ya pili. Mpangilio huo ulichaguliwa kwa sababu redio ya CD ya kawaida husoma sesheni ya kwanza tu, hivyo haitajaribu kamwe kuipiga data kana kwamba ni wimbo. Ukiifanya diski hiyo kuwa ISO, nyimbo zote hupotea. Ukiinakili kama nyimbo tu, sehemu ya kompyuta hupotea.

Tukija kwenye aina za taswira zenyewe, inayojulikana zaidi baada ya ISO ni jozi ya BIN na CUE, iliyoanza na programu ya CDRWIN. BIN ni data ghafi. CUE ni faili fupi la maandishi linalotaja kila traki, aina yake na mahali inapoanzia. Kwa VCD na CD ya muziki yenye sesheni moja sina chaguo ninalolipenda kuliko hili, kwa sababu mtu yeyote anaweza kuifungua CUE na kuisoma kwa macho. Lakini lugha ya CUE haikuwekewa neno la sesheni. Programu kadhaa huziba upungufu huo kwa kuandika mpaka wa sesheni kama maoni, katika mstari unaoanza na REM, na programu isiyoyajua maoni hayo huyaruka na kuiona diski kuwa ya sesheni moja. Taswira inayotegemea maoni si salama kwa hifadhi ya muda mrefu.

Programu ya CloneCD hutoa mafaili matatu: IMG yenye sekta ghafi, SUB yenye baiti 96 za chaneli tanzu (data ndogo ya pembeni inayoandamana na sekta) za kila sekta, na CCD, faili la maandishi ambalo kwa maoni yangu ndilo ramani bora kuliko zote zilizoenea. CCD hainukuu orodha ya traki kwa muhtasari. Huandika maingizo ya orodha ya yaliyomo ya diski kama kiendeshi kilivyoyasoma, kila ingizo likiwa na namba ya sesheni yake, na hata lile linaloonyesha mahali ambapo sesheni inayofuata ingeweza kuanzia. Programu inayoisoma inaweza kujenga upya mipaka na mapengo bila kubahatisha, na mtu mwenye subira anaweza kufanya hivyo hivyo kwa kalamu na karatasi. Faili la SUB nalo si pambo kwa wenye CD za karaoke, kwa sababu maneno ya nyimbo yanayoonekana kwenye skrini hukaa ndani ya chaneli hizo tanzu, nje ya zile baiti 2,352. Gharama ya haya yote ni nafasi: CD ya dakika 80 iliyojaa ina sekta 360,000, ambazo kwa ISO ni baiti 737,280,000, kwa IMG ni baiti 846,720,000, na SUB huongeza baiti 34,560,000. Kwa bei za diski kuu za leo, tofauti hiyo haistahili kumzuia mtu.

Taswira za programu nyingine, yaani MDF na MDS za Alcohol 120%, NRG ya Nero na CDI ya DiscJuggler, zote zinaweza kubeba sesheni nyingi, na aliyekuwa na mafaili ya aina hizo hana haja ya kuhofu. Udhaifu wao ni kwamba ramani zao si maandishi. NRG huiweka ramani yake mwishoni mwa faili, na baiti 12 za mwisho kabisa ndizo zinazoonyesha inapoanzia. Faili lililokatika njiani wakati wa kunakiliwa hubaki na karibu data yote lakini bila ramani. Kwa watumiaji wa Linux, programu ya cdrdao hutengeneza BIN na faili la TOC lenye ramani, ila huisoma sesheni moja kwa kila agizo, hivyo diski yenye sesheni tatu itahitaji maagizo matatu na itatoa jozi tatu. Anayeigeuza TOC kuwa CUE akumbuke pia kwamba cdrdao huandika baiti za sauti kwa mpangilio uliogeuzwa ukilinganisha na ule ambao CUE huutarajia, na asipozirudisha atasikia mvumo mkali badala ya wimbo.

DVD ni rahisi zaidi, kwa kuwa haina traki za sauti wala chaneli tanzu, na sekta zake zote hutoa baiti 2,048. ISO inaweza kuichukua DVD nzima pasipo kupoteza kitu, mradi inakili kuanzia sekta 0 hadi mwisho na kuacha kila sekta mahali pake. Tatizo linalobaki ni lile la sekta 16: faili hilo likifunguliwa litaonyesha hali ya diski kama ilivyokuwa baada ya sesheni ya kwanza. DVD+RW hazina tabu hiyo, kwa kuwa huandikwa upya, na programu za growisofs na xorriso huziongezea mafaili kwa kulisahihisha eneo la mwanzo lenyewe.

Suluhisho la sekta 16 lipo, na linafaa hata kwa CD zenye data pekee, bila muziki. Sehemu zinazosomeka zinakiliwe, mapengo yajazwe sifuri ili kila anwani ibaki na maana yake, na namba ya sekta ya kuanzia ya sesheni ya mwisho iandikwe kando. Katika diski yetu ya mfano taswira hiyo itakuwa na sekta 188,300. Linux huipachika vizuri (huifungua kana kwamba ni diski) ikipewa chaguo la sbsector=168300, na mafaili yote ya sesheni zote tatu hufunguka. Bila namba hiyo taswira ni nzima lakini mlango wake haujulikani, kwa hiyo namba isiachwe kichwani mwa mtu; iwekwe ndani ya faili la maandishi lenye jina linalofanana na la taswira.

Wakati wa kunakili, hitilafu moja huwatisha watu bila sababu. CD iliyochomwa traki moja moja, laser ikizimwa kati ya traki na traki, huwa na sekta mbili za kumalizia mwishoni mwa kila traki ya data. Orodha ya yaliyomo huzihesabu, ilhali hazina data na mara nyingi hazisomeki. Programu ya kunakili ikilalamika katika sekta mbili za mwisho tu, diski ni nzima. Ikilalamika mapema zaidi ya hapo, tatizo ni la kweli, na kujaribu kiendeshi kingine ndiyo hatua ya kwanza.

Kuchoma upya kunahitaji uangalifu ule ule, kwa sababu anwani zilizomo katika sesheni ya pili ni sahihi endapo tu sesheni hiyo itaanza katika sekta ile ile. Ukiichoma sesheni ya kwanza kwa njia inayoongeza sekta mbili za kumalizia ambazo hazikuwapo mwanzoni, sesheni ya pili itaanza katika sekta 111,402, na kila faili lake litasomwa kuanzia mahali pasipo pake. Njia ya kuepuka ni kuichoma kila sesheni kwa mkupuo mmoja, bila laser kuzimwa katikati, huku diski ikiachwa wazi hadi sesheni ya mwisho. Kuichoma diski nzima kwa mkupuo mmoja, ambako hupendwa kwa CD za muziki, hakuwezi kutoa sesheni nyingi. Anayeandaa sesheni mpya kwa mkisofs hulazimika kuipa programu namba mbili, mwanzo wa sesheni ya mwisho na mwanzo wa ile itakayofuata. Kwa diski yetu, kabla ya sesheni ya tatu, namba hizo zingekuwa 111400,168300. Programu ya kuchoma inaweza kuzisoma namba hizo kutoka kwenye diski yenyewe, na hakuna sababu ya kuzikadiria.

Mwenye CD ya picha za familia ambaye hahitaji kuifufua diski kama ilivyokuwa anaweza kuepuka sehemu kubwa ya haya. Aiweke diski kwenye kiendeshi, anakili folda zote kama zinavyoonekana, atazame pia sesheni za nyuma kwa mafaili yaliyofichika, kisha atengeneze ISO mpya ya sesheni moja. ISO hiyo itafunguka popote, hata katika Windows, ambayo tangu toleo la 8 huipachika bila programu ya ziada. Lakini kwa kumbukumbu ya redio, parokia, msikiti au mpiga picha, ambako siku moja mtu atauliza faili fulani lilichomwa lini na lilikuwa wapi, mimi ningehifadhi CCD, IMG na SUB kwa kila CD yenye sesheni nyingi au yenye muziki, BIN na CUE kwa VCD, na ISO kamili yenye namba yake kando kwa DVD, na ndani ya folda hiyo hiyo ningeweka mafaili yaliyotolewa.

Kabla diski halisi haijarudishwa kabatini, taswira ijaribiwe katika kiendeshi cha kuigiza ndani ya kompyuta yenyewe, kama CDEmu ya Linux, ambayo husoma CCD, CUE, MDS, NRG na CDI na kuzionyesha sesheni kama diski ya kweli inavyozionyesha. Idadi ya sesheni ilingane na ile iliyoripotiwa na kiendeshi halisi, kisha zifunguliwe picha tatu hadi zionekane zote kwenye skrini: moja ya sesheni ya kwanza, moja ya pili, na moja iliyoandikwa mwisho kabisa mwa sesheni ya tatu.